Utani wa Kupigiwa Kura

Nitaanza na maiti, maana wajukuu zangu hawana subira ya hadithi ndefu. Alikufa Mhindi wa duka la mtaani kwetu Ng'ambo, alfajiri, wakati wa joto lile la kabla ya mvua, na mkewe hakuwa na watu wa kumbeba. Jamaa zao karibu wote walikuwa wamehama baada ya serikali kutaifisha majumba. Wanaume waliobaki walikuwa wanne: kaka wa yule mjane, aliyekuja kutoka Nzega kumuuguza shemeji yake, na wazee watatu ambao wenyewe walikuwa wa kushikwa mkono. Marehemu alikuwa mnene. Makaburi yao yako nje ya mji, njia yote mchanga. Watu wanne hawafiki hata nusu ya njia.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mjue kwa nini tulikwenda kumzika huku tunamcheka.

Miezi minne kabla, katibu wa tawi la chama alituita uwanjani. Alisema ubaguzi wa rangi lazima uishe mtaani, na uishe kwa mpango. Mpango wake ulikuwa huu: tukae mkekani Mwafrika, Mwarabu, Mwafrika, Mhindi, kama shanga zinavyotungwa. Lakini sisi tulikuwa umati na Wahindi walikuwa saba. Mstari wa kwanza ukawamaliza. Katibu akaona aibu, akawa anawainua wale wale saba na kuwapeleka mstari wa pili, kisha wa tatu, mpaka mama mmoja wa Kihindi akauliza kama hii ni ngoma. Palikuwa na chotara mmoja, mama yake Mmanyema, baba yake Mwarabu. Katibu alimtazama sana, akakosa pa kumweka.

"Wewe mama, gawa chai," akamwambia. "Wewe uko pande zote."

Baada ya ubwabwa tukaambiwa kila mtu aseme kinachomuuma. Kila mmoja alikuwa anachokonoa meno. Ndipo yule mwenye duka akasimama.

"Nimezaliwa hapa," akasema. "Baba yangu amezikwa hapa. Miaka yote mnasema 'naenda kwa Mhindi.' Hakuna hata mmoja anayesema 'naenda kwa jirani.'"

Mimi sijui kunyamaza. Nimesoma darasa la pili tu, lakini mdomo haukusubiri cheti. Nikasimama. "Na sisi tukifiwa, bwana, unatuletea sukari mlangoni, unarudi dukani. Mkeo hajawahi kukanyaga mkeka wa msiba wangu. Tunakula sukari yako, wewe mwenyewe hatukuoni."

Ugomvi ukataka kuanza. Aliyeuzima alikuwa mzee mmoja wa mtaani, Mnyamwezi kama mimi, ambaye babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Mzee yule alikuwa hapati usingizi bila kumtaja babu yake.

"Nyinyi watoto hamjui kitu," akasema. "Babu zetu walipofika pwani, Wazaramo waliwafukuza visimani kwa marungu. Leo Mzaramo ni nani kwangu? Mtani! Nikifa, yeye ndiye atakayekuja kunicheka, azuie jeneza langu, adai kuku, na hakuna wa kumkasirikia. Ugomvi wa zamani dawa yake si chai. Dawa yake utani. Hawa Wahindi na Waarabu tuwafanye watani, basi."

Utani, ninavyoujua mimi, unazaliwa wenyewe, unachukua miaka kama mbuyu. Katibu hakutaka kusubiri mbuyu. Akasema, "Ndugu zangu, anayekubali anyooshe mkono." Tukanyoosha. Wahindi wakatazamana, nao wakanyoosha, maana siku zile ukiona mikono juu ulikuwa hukai na wako chini. Katibu akaandika kwenye daftari, akapiga muhuri. Akaongeza na masharti: matusi yasizidi matatu kwa siku kwa mtu mmoja, na chama kisitajwe.

Basi mtaa ukaharibika. Asubuhi unakwenda dukani, unamwambia mwenye duka, "Shikamoo tumbo, mwenyewe yuko wapi?" Yeye anakodoa macho. Hakuwa na ubaya, ila hakuwa na wepesi. Tusi alilichukua nyumbani akalala nalo. Siku mbili baadaye unapita na ndoo yako kichwani, umeshasahau kila kitu, unasikia, "Mama! Juzi uliniambia nina tumbo. Jibu langu ni hili: wewe una miguu kama mchi." Kisha anaingia ndani haraka kama mtu aliyerusha jiwe.

Mkewe hakucheka hata siku moja. Tukianza maneno, anafunga dirisha. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliamini tumepewa kibali cha serikali kuwatukana mpaka wahame.

Ndiyo maana asubuhi ile ya msiba, nilipoingia kwake kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilimkuta kwenye mkeka, amejifunika nyeupe, hana chozi. Alikuwa anahesabu wanaume kwa vidole, anafika wanne, anaanza tena.

"Nani atambeba?" akaniuliza. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mume wangu. "Mmetutukana miezi minne. Nani atakuja?"

Hapo hapo watu wakafika. Ng'ambo yote ilikuja, kwa kuwa mtani haalikwi msibani na hana ruhusa ya kukosa. Lakini walikuja kama watani wanavyokuja. Mmoja kavaa gunia. Mwingine analia kwa sauti kubwa, "Nani atanipunja sasa!" Na mimi, nisijifiche hapa, nilichukua miwani ya marehemu, nikajipachika usoni, nikakaa nyuma ya mizani yake. Kila aliyeingia nikampimia hewa. "Sukari ipo, ila huipati peke yake. Chukua na wembe. Huna ndevu? Zitaota."

Kaka wa mjane alitoka ndani, akatuona. Nzega hawakupiga kura.

"Hamna haya!" akapiga kelele. "Tokeni! Tutambeba wenyewe!"

Wakambeba wenyewe, wale wanne. Walifika barazani. Mzee mmoja goti likamkatika, jeneza likainama upande, wakalitua chini kwa bismillahi nyingi. Jua limeshapanda. Maiti ni ya kuzikwa mapema, na joto lile halikuwa la kungoja mtu. Hapo ndipo yule mzee wetu, mjukuu wa mpagazi, alipokuja akajilaza chali kizingitini pa baraza, mbele ya jeneza, mikono kifuani.

"Hapiti," akasema. "Mpaka nipewe haki yangu."

"Haki gani?"

"Ya mtani."

Kaka mtu akamshika miguu akamvuta. Mzee akashika nguzo. Wengine wakamshika mzee mabega kumvutia huku. Katibu akafika na daftari lake, akasimama juu ya mzee, akaanza kusoma azimio tangu salamu. Nikaona sasa marehemu atazikwa kesho, na watu hawa watamalizia kwenye ngumi. Nikavua miwani, nikarudi ndani mbio.

"Dada," nikamwambia mjane, "mzee amelala mlangoni. Hatoki mpaka atukanwe na mwenye msiba. Mtukane."

"Mimi?" Alinitazama kama nimechanganyikiwa. "Leo? Nimefiwa!"

"Leo ndiyo siku yake. Usipomjibu, maana yake umemkataa, na akikataliwa yeye hakuna hata mmoja wetu atakayeshika jeneza. Ukimjibu, wote wanashika. Hatukuja kuwafukuza, dada. Mtu wa kufukuzwa hatulali mlangoni pake."

Nikasikia huko nje katibu amefika kwenye masharti. Kisha yule mama akainuka, akasogea mpaka nyuma ya pazia la mlango, mwenye eda yule, na sauti ikatoka ambayo mtaa haukujua kama anayo.

"Wewe mzee! Babu yako alibeba pembe ya ndovu mpaka Bagamoyo. Wewe nusu kilo ya chumvi unawabebesha wajukuu! Umelala hapo kwa sababu ya mila? Umelala kwa sababu umechoka kusimama! Ondoka, mume wangu ana safari, na akikukanyaga utakwenda naye!"

Mungu wangu. Vigelegele vilipasuka. Mzee aliruka kama kijana, machozi yanamtiririka, anamshika kila mtu kanzu.

"Nimetukanwa! Mmesikia? Amenitukana na babu yangu! Nyanyueni!"

Wakanyanyua. Sikumbuki kuona jeneza likienda namna ile. Mabega yaligombewa, anayepata hatua tatu anasukumwa na mwenzake, "Toka, umefaidi!" Shahada inasomwa, mchanga unaruka, waliovaa magunia wanayavua njiani. Mjane akaniambia nichungulie dirishani nimwambie wangapi. Nikachungulia. Nikamwambia silioni jeneza, naona vichwa tu.

"Waambie polepole," akasema. "Hapendi kukimbizwa."

Adhuhuri kaka yake akarudi, vumbi mpaka kope, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo. Akasimama mlangoni kwa hasira.

"Sikumgusa," akasema. "Mimi shemeji yake! Nimekimbia nyuma mpaka makaburini, sikupata hata kushika mti wa jeneza!"

Yule mama alimtazama, akatazama ule mguu mtupu, akaangua kicheko. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na kicheko kikageuka katikati, ndipo akalia kilio chenyewe, alichokuwa amekizuia tangu alfajiri. Nikasogea mkekani, nikakaa kando yake.