Picha Thelathini na Sita za Maombi

Aibu ya siku ile bado hunijia nikioga, nikacheka peke yangu, kwa hivyo nanyi chekeni tu, nimeshazoea.

Ilikuwa ruracio ya rafiki yangu Wambui, wageni wameleta mahari kwao Kamenu, nami nimeombwa kitu kimoja tu: picha ya shosho yake, nyanya aliyemlea tangu utotoni, na ambaye akiona simu imeinuliwa hujifunika uso kwa leso. Nikajigamba nina dawa. Nina kamera kuukuu ya filamu, kama zile za wapiga picha wa magazeti wa zamani, ina mota inayovuta filamu yenyewe, na unachungulia kwa kidirisha cha pembeni, si kwa lenzi. Nikaketi mkabala na shosho, nikapima umbali hadi kiti chake, nikaituliza kamera gotini ikimtazama, halafu (kwa kujitia fundi) nikasogeza swichi kutoka picha mojamoja hadi mfululizo. Hapo ndipo nilipojiroga.

Pasta akasema tufumbe macho tuombee chakula. Nami kuinama tu, kidole kikalalia kitufe, kitufe kikakwama. Krrk, krrk, krrk! Nikatoa kidole, wapi! Nikaipiga kofi, ndio kwanza inaendelea. Pasta akapaza sauti, "Tunakemea kila kelele ya adui!" watu wakaitika "Ameni!" na mota nayo ikaitika, mpaka picha zote thelathini na sita zikaisha, kisha ikaanza kurudisha filamu, ziiiii, kama blenda ya juisi. Na filamu nilikuwa nimebeba hiyo moja tu.

Mwenye akili angekiri. Mimi niliinuka nikaendelea kupiga na kamera tupu, na kwa kuwa haikulia tena, nikawa naililia kwa mdomo: krrk. Tata, shangazi yake Wambui, akanishika mkono mbele ya wageni wote.

"Ngai! We kijana, hiyo kamera inalia na mdomo yako?"

Watu walicheka mpaka wengine wakaweka sahani chini. Nikakiri. Wambui peke yake hakucheka. Alisema tu, "Sawa, si umejaribu," na hilo liliniuma kuliko kicheko chote.

Wiki mbili nilikaa na ile filamu kabla ya kuipeleka kwa mzee mmoja Ruiru anayeosha filamu. Picha zote ni maombi, vichwa vimeinama, lakini katikati yupo shosho, macho wazi, leso imeanguka mabegani, anacheka mpaka pengo linaonekana. Wambui alipoziona alilia, akanikumbatia.

Tulimpelekea shosho, nikamuuliza mbona siku hiyo hakujifunika.

"Nilikuwa naangalia vile unapigana na hiyo kitu," akasema. "Nikasahau uso yangu."

Sasa ile swichi nimeibandika selotepu, haisogei tena. Na kila tukiambiwa tufumbe macho, namshukuru Mungu kwa kitufe kilichokwama, lakini kamera nimeiacha nyumbani.