Theluji ya Kumbakiza Mume

Mume wangu alinitamkia kwamba anarudi Bujumbura wakati namwogesha mtoto. Hakuwa na hasira. Alisimama mlangoni mwa bafu na koti lake la kazi, akasema amefikiri vya kutosha: mwezi wa tatu ataondoka, mimi na mtoto tukitaka kumfuata tumfuate, tusipotaka hatatulaumu. Kisha akaenda kuvua viatu. Mimi nikaendelea kummwagia mtoto maji mpaka akalia, kwa sababu yalikuwa yamepoa na sikuwa na habari.

Kule kwao alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwenye gereji yake, wateja wanamwita bosi. Huku Sweden alikuwa anapanga mizigo kwenye ghala moja kule Märsta. Anatoka kwetu Rågsved giza, anarudi giza, na katikati vijana wadogo wanamwonyesha kwa kidole sanduku la kuinua. Hakulalamika hata siku moja. Afadhali angelalamika, ningejua pa kushika.

Mimi mwenyewe nililetwa Sweden nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Nikakulia hapohapo Rågsved, nikasoma, nikapata kazi ya ofisi Kista. Yeye nilimpata Bujumbura nilipokwenda kuwasalimia ndugu, tukaoana, nikamleta. Nilimleta mimi. Hilo lilikuwa linanirudia kila nikimwona kakaa mezani, chai imepoa mbele yake, macho yake dirishani na dirishani hakuna kitu.

Na msimu wenyewe ulikuwa wa laana. Ingekuwa baridi kali yenye theluji, mji ungekuwa na mwanga kidogo. Lakini Januari ile mvua ilinyesha tu. Theluji ikithubutu kuanguka asubuhi, saa sita imeshakuwa uji wa kijivu barabarani. Kazini Waswidi walisema heri mvua, angalau mtu hatelezi akavunjika nyonga. Nilitamani kuwatukana.

Sasa msinicheke. Mimi niliamini dawa ya mume wangu ni skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji.

Nilikuwa na sababu. Tulipofika nchi hii nilikuwa mtoto wa kulia. Nililia shuleni, nililia nyumbani, mama akachoka kunibembeleza. Kisha wakati wa ile likizo ya Februari wanayoiita sportlov, shule ikatupakia kwenye basi ikatupeleka milimani. Nikavalishwa yale mabuti mazito, nikasukumwa kwenye mteremko, nikaanguka, nikaamka, nikaanguka tena. Siku ya mwisho nikashuka mpaka chini nimesimama, jua linawaka, kila kitu cheupe. Nikarudi Rågsved mtu mwingine. Nikasema basi, kama ilinifaa mimi, itamfaa na yeye. Mfa maji hukamata maji; mimi nilikamata theluji.

Lakini ilikuwa lazima iwe theluji ya uhakika. Nikimsafirisha mtu aliyekata tamaa kutwa nzima ndani ya basi, akashuka akakuta mvua ileile ya Stockholm, ndoa yangu imekwisha pale pale kituoni. Na ilikuwa lazima pawe mahali ambapo mtu asiyewahi kukanyaga skii anaweza kujifunza bila kuuawa.

Nikaanza kutafuta. Kilima cha kutelezea kilichomo mjini nilikifuta haraka: nilipita pale na basi nikaona utepe mmoja wa theluji iliyotengenezwa kwa mashine, kulia majani, kushoto majani. Sälen kila mtu ananiambia ni pazuri kwa wanaoanza, miteremko ya huruma, na si mbali. Lakini si juu sana, na mimi mwaka ule nilikuwa siamini kitu chochote kilicho chini. Åre ni juu, sawa, lakini nilipoangalia picha nikaona watu waliozaliwa na skii miguuni wanashuka kama wamekatiwa kamba. Mume wangu angewatazama mara moja akarudi kwenye basi. Mkenya mmoja niliyefanya naye kazi akanishauri twende Austria. Nikamwuliza kama ana wazimu.

Nikafika mahali nikawa najua mambo ambayo mtu wa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, hana haja ya kuyajua. Nilijua mteremko unaotazama kaskazini huweka theluji yake muda mrefu kuliko unaotazama jua. Nilijua mashine za kurusha theluji hazifai kitu kama hakuna baridi. Nilijua kinachowashinda wanaoanza mara nyingi si kushuka, ni kupanda: ile lifti ya kukokota, inayokushika nyuma ya mapaja na kukuvuta, ndiyo inayowaangusha watu wazima mbele ya watoto wao. Kwa hiyo nikatafuta mahali penye mkanda unaotembea chini, unasimama juu yake tu na unakupandisha. Asubuhi nikifika ofisini, kabla ya kazi ya mtu, nafungua kamera za milimani moja baada ya nyingine nione kama paa za nyumba bado ni nyeupe. Bosi wangu alipita nyuma yangu akadhani nina likizo ndefu.

Nikakipata kituo kidogo cha skii kwenye milima ya Härjedalen, juu kabisa, baridi yake ya kukausha pua. Kina mteremko mmoja mpole, wenye mkanda, karibu na vibanda vya kulala. Nikapiga simu. Nikamwuliza mama wa mapokezi kama theluji ni ya Mungu au ya mashine. Akasema ya Mungu. Nikamwuliza kama imewahi kunyesha mvua mwaka huu. Akasema hapana. Nikamwomba asimame aangalie nje sasa hivi, aniambie anaona nini. Nadhani alinionea huruma, akasema asubuhi alilazimika kuchimba njia na koleo ndipo mlango wake ufunguke. Nililia ofisini Kista, simu sikioni.

Nikachagua na kibanda chenyewe, chenye dirisha kubwa linaloutazama ule mteremko. Mama yangu alikuwa amesema atakuja. Anakaa Rågsved, jengo la pili kutoka kwetu, na alikuwa ameona ninavyokonda. Akasema yeye atashika mtoto na kupika, sisi tucheze. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikawaza, watakaa dirishani, mama na mtoto, watuone tukishuka, tuwapungie mkono.

Nilipomweleza mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu: na mama anakuja? Nikasema ndiyo, kwa furaha kabisa. Akasema sawa.

Tuliposhuka kwenye basi theluji ilikuwa imefika kiunoni pembeni mwa njia. Kweupe mpaka macho yanauma. Mume wangu akavua glavu, akachota kidogo, akaitazama ikiyeyuka kiganjani, akatabasamu. Jamani, lile tabasamu. Mtoto wetu alipiga kelele kwa Kiswidi kwamba hii ni theluji ya kweli, na baba yake akamwitikia kwa Kiswahili kwamba ameiona. Usingizi nilioupata siku ile sikuwa nimeupata tangu Krismasi.

Asubuhi nikamvalisha mabuti. Akafika mlangoni. Mama alikuwa ameshavuta kiti dirishani, mtoto mapajani, ametulia tayari kutazama. Mume wangu akageuka, akaniambia kwa sauti ya chini tumbo linamuuma. Nikamwacha apumzike. Kesho yake ikawa goti. Siku iliyofuata hakutaja hata ugonjwa, alikaa tu kitandani kwenye chumba cha nyuma, kavaa nguo zote za skii, mikono katikati ya magoti.

Hapo nikapasuka. Jua linawaka nje, theluji niliyoitafuta kwa machozi imejaa mpaka madirishani, watu wanacheka mteremkoni, na mtu wangu kakalia godoro! Nilimwambia nimepekua Sweden nzima kwa ajili yake. Nilimwambia kama anataka kwenda aende leo, asingoje mwezi wa tatu. Nikamwambia mwoga. Yeye aliangalia ukuta, na ukuta ule ulikuwa wa mbao nyembamba, na upande wa pili mama alikuwa anamenya viazi.

Mama akaniita nje. Tukasimama barazani, pumzi zetu zinatoka kama moshi wa jiko. Alikuwa bado ana kisu cha viazi mkononi.

“Mwanangu,” akasema, “wewe unataka mwanamume mzima aanguke matako juu mbele ya mama mkwe wake?”

Nikamwuliza ana maana gani.

Akaniuliza kama nimewahi kumwona mkwe wake anakula mbele yake. Nikafikiri. Mama akija kwetu, mume wangu huchukua sahani yake akaenda kula jikoni, na mimi siku zote nilidhani anapenda utulivu. Akaniuliza kama nimewahi kumwona amejilaza kwenye kochi mama akiwa sebuleni. Sikuwahi. Akasema kwetu mkwe haonwi ovyo, mkwe husitiriwa, na yule kijana amelelewa vizuri. Alikuwa ameyaelewa yote tangu asubuhi ya kwanza, alipomwona anageuka mlangoni. Alinyamaza akidhani na mimi nimeelewa, na kwamba tuna jambo letu la ndani.

Nilishikwa na hasira hata nikashindwa kuzipanga. Nilimkasirikia mama kwa kunyamaza. Nilimkasirikia mume wangu, kwa nini asiseme? Angesemaje, amwambie mke wake amfukuze mama yake? Nikaikasirikia na shule ya Rågsved iliyonifundisha skii, isinifundishe mkwe ni nani. Nilikuwa nimepima urefu wa mlima, baridi, lifti, upande wa jua, nikamtafutia na dirisha kubwa la kumwaibishia. Ukimulika nyoka, anzia miguuni pako. Mimi nilimulika Härjedalen nzima.

Mama aliingia ndani akaanza kumvalisha mtoto. Akasema kwa sauti kubwa, ile ya kuusemesha ukuta, kwamba wao wanashuka kijijini na basi, wataangalia maduka, watakula hukohuko, na hawatarudi mpaka jua likianza kuzama. Akavuta pazia la lile dirisha kabla ya kutoka, ingawa hakuna ambaye angebaki ndani wa kuchungulia. Basi lilipoondoka, mume wangu alikuwa ameshafunga mabuti mwenyewe.

Aliangukia mgongo. Aliangukia uso. Alianguka akiwa amesimama tu, hajaenda popote. Watoto wadogo wenye helmeti walimpita wakimzunguka kama jiwe lililoko njiani, na mmoja akamsimamia kumwonyesha jinsi ya kupanga skii zikutane mbele ili apunguze mwendo. Akamsikiliza kwa heshima yote. Akaanguka tena, akabaki chini, nikakimbilia nikidhani ameumia, nikamkuta anacheka. Kicheko chenyewe, cha tumboni, nilichokijua kwenye gereji yake na sikukisikia tena tangu ndege yake itue Arlanda. Nikakaa pembeni yake kwenye theluji nikacheka mpaka nikaishiwa nguvu.

Mchana ulipokuwa unaisha alipanda na mkanda peke yake, akanikataza nisimfuate. Nikamsubiri chini. Akaja polepole, magoti yamekunjwa, ulimi nje, akakata kulia, akakata kushoto, hakuanguka. Akasimama mbele yangu kabisa, wima, akainua mikono. Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale pale, Waswidi wakageuka kuniangalia. Nikajua amebaki. Nikaanza kupanga moyoni jinsi tutakavyokuja kila mwaka, jinsi nitakavyomtafutia kazi ya ufundi, hata kama ni kuanzia kufagia gereji ya mtu.

Tukakaa kwenye benchi. Mabuti ya skii hayafunguki kirahisi na yeye mgongo ulikuwa umemkaza, hawezi kuinama, kwa hiyo nikapiga magoti kumfungulia. Aliniwekea mkono begani.

“Nilikuwa naogopa kurudi, mama mtoto,” akasema. “Nilijua kule wataniuliza, na ningewajibu nini? Kwamba baridi ilinishinda nikalala? Sasa nitawaambia niliipanda milima yao na nikashuka nimesimama. Sasa naweza kwenda. Asante.”

Alisema asante kwa moyo wote. Uso wake ulikuwa unang'aa, alikuwa mzuri kuliko siku ya harusi yetu, na hapakuwa na hata chembe ya huzuni juu yake ambayo ningeweza kuishika nikamvutia huku.

“Mwezi wa tatu?” nikauliza.

“Mwezi wa tatu.”

Nikafungua kifungo cha juu, nikafungua cha katikati. Buti la kushoto lilikuwa limeganda, nikalikumbatia kifuani kwa mikono miwili nikavuta, na yeye akashikilia benchi kunisaidia, mpaka mguu wake ukatoka.