Tulimwacha mama wa mitishamba wa Kajiado kwa sababu aliuliza maswali mengi

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioamka vizuri na mlioamka na mgonjwa nyumbani.

Mimi huwa msomaji tu humu. Leo naandika, na nitayaeleza mambo jinsi yalivyotokea, hata pale ninapoonekana vibaya. Majina nimebadilisha. Mengine nimeyaacha yalivyo.

Kilichonisukuma ni hiki. Juzi mtu aliuliza hapa atampata wapi mtaalamu mzuri wa tiba asilia upande wa Kitengela. Akajibiwa kwa majina na namba za simu. Hakuna aliyemweleza jinsi ya kuchagua.

Mimi nilichagua vibaya, na mzigo ulimwangukia mama yangu.

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari. Nimezoea kueleza jambo moja mara kumi bila kukasirika, kwa hivyo mnivumilie nikienda polepole.

Mwaitu, hivyo ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, alihamia kwangu Kitengela kutoka Makueni baada ya baba kufariki. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi. Alijidunga insulini asubuhi na jioni, na chupa zake zilikaa kwenye mlango wa friji yetu, kando ya maziwa.

Hakuwa mtu wa kudanganywa ovyo. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na kila pakiti ya dawa iliyoingia nyumbani aliisoma yote, miwani puani, mpaka yale maandishi madogo ya chini.

Lakini alikuwa amechoka. Magoti yalimuuma. Nyayo zilimwaka moto usiku na mchana. Siku moja tukinywa chai akaniambia, bila hasira yoyote, "Kioko, huu mwili umechoka kudungwa. Nitafutie mtu wa dawa za miti."

Sikuona ubaya. Hata leo sioni, na hilo nalisema mapema ili mtu asidhani nimekuja kutukana tiba asilia. Mboga za kienyeji zilimsaidia. Kutembea kwenda kanisani na kurudi kulimsaidia. Kutafuta mtu wa mitishamba halikuwa kosa letu.

Wa kwanza tulielekezwa Kajiado mjini. Mama mmoja Mmaasai, mtu mzima, ambaye sokoni kila mtu alimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa. Kibanda chake kilikuwa kimejaa magome na mizizi iliyofungwa mafungu mafungu.

Alimsalimia mwaitu, "Takwenya," akampa kiti pekee kilichokuwepo. Yeye mwenyewe akakalia ndoo iliyopinduliwa.

Halafu akaanza kuuliza.

Anatumia dawa gani za hospitali? Sindano ya mwisho alijidunga saa ngapi? Anaenda haja ndogo mara ngapi? Macho yanaona vizuri? Akataka kuona miguu. Mwaitu akasita, akavua kiatu kimoja. Yeyo akainama, akaangalia katikati ya vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele.

Mwaitu alijibu mawili matatu, kisha akanyamaza.

Siku ile Yeyo hakutuuzia kitu. Alisema gome analo, lile la olkiloriti ambalo wao huchemsha kwenye supu, na huenda lingemfaa magoti. Lakini mtu wa sindano hampi dawa kabla ya kuona kitabu chake cha kliniki.

"Sukari mimi siguzi," alisema. "Hiyo sindano usiache. Leta kitabu, mama. Yako nitakuwekea hapa."

Tuliondoka kwa gari mpaka tukafika Isinya. Hapo mwaitu akacheka. "Sasa mgonjwa ni nani na daktari ni nani? Huyo ameniuliza mpaka nikaona mimi ndiye ningemtoza."

Nikacheka naye. Kicheko kile nakikumbuka sana siku hizi.

Hapa nieleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa. Zamani kwetu Ukambani, mgonjwa akienda kwa mundu mue, yaani mganga wa jadi, hakutaja ugonjwa wake. Alikaa kimya. Mundu mue alimwaga mbegu kutoka kwenye kibuyu, akazisoma, akamwambia mgonjwa kinachomsumbua. Akipatia, basi huyo ni wa kweli. Akianza kuuliza, watu waliinuka wakaenda zao.

Mwaitu alikuwa mtu wa kanisa na hangekanyaga kwa mundu mue. Lakini akiwa mtoto alipelekwa na nyanya yake, na kipimo kile kilibaki ndani yake. Anayejua haulizi. Na nikisema ukweli, mimi niliyezaliwa hospitali na kusoma mpaka chuo, nilikuwa na kipimo hicho hicho bila kujua.

Kwa hivyo kitabu cha kliniki hatukukipeleka Kajiado.

Mwezi uliofuata rafiki yake wa kanisani akamwambia kuhusu kituo kimoja cha wellness hapa hapa Kitengela, ghorofa ya pili. Kuna mashine. Unashika chuma mkononi dakika chache, na kompyuta inataja magonjwa yako yote. Hakuna kuulizwa kitu.

Mwaitu alipanda zile ngazi akishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, akipumzika kila baada ya hatua tatu. Juu tulipokewa na msichana mchangamfu sana, akatupa maji ya kunywa, akapiga gumzo na mwaitu mpaka tukaitwa ndani.

Jamaa wa ndani, mwenye koti jeupe, watu walimwita Daktari. Hakuuliza chochote. Mwaitu alishika kile chuma, akafunga mdomo makusudi, nami nikajua anampima.

Karatasi ikatoka. Daktari akasoma: miguu, magoti, nyayo kuwaka, sukari, uchovu wa ini, sumu kwenye damu.

Tulipotoka mwaitu alikuwa kama mtu aliyebatizwa upya. "Mwanakwa, umeona? Sijafungua mdomo."

Masharti yalikuwa ya siku ishirini na moja. Unga wa majani asubuhi, mchana na jioni. Na dawa za hospitali ziwekwe kando mpaka mwili usafike.

Niliuliza kuhusu insulini. Nipeni hilo angalau, kwamba niliuliza. Daktari akaniambia, "Kijana, huwezi kupiga deki huku mtu anaingia na matope."

Ilinijia kama akili nyingi. Nikanyamaza.

Mke wangu, Ndanu, hakunyamaza. Alisema tumpigie kwanza nesi wa kliniki ya sukari. Nikamjibu ni wiki tatu tu, tumpe mama nafasi. Kisha mimi mwenyewe, kwa mkono huu, nikatoa zile chupa kwenye mlango wa friji na kuzificha nyuma kabisa chini, pamoja na vitunguu, ili mwaitu asizione akashawishika.

Wiki ya kwanza alifurahi. Hakuna kudungwa.

Wiki ya pili alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka shamba la kiangazi. Alikonda. Kanisani wakamsifu kwamba amerudi usichana. Nikampigia Daktari, akasema hiyo ndiyo sumu inatoka, tusiogope.

Siku ya kumi na sita nilikuwa uwanjani na mwanafunzi anayejifunza kurudi nyuma. Ndanu akapiga simu. Nilimkuta mwaitu amekaa kitandani, amevaa kiatu kimoja, anamwambia baba yangu aharakishe wasichelewe kanisani. Baba ana miaka sita kaburini.

Hospitalini walimvua soksi. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda. Hakuwa amekihisi, na sisi hatukuwa tumeangalia.

Daktari aliyempokea alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Swali lake la kwanza: anatumia dawa gani? La pili: sindano ya mwisho ni lini? Halafu akainama, akaanza kutenganisha vidole vya mguu, kimoja kimoja.

Kwa lile la sindano nilimgeukia Ndanu. Yeye ndiye aliyejibu.

Kesho yake mchana mwaitu alizinduka vizuri, akatujua sote. Nilianza kumwomba msamaha, akanikatiza kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto.

"Yule Mmaasai wa Kajiado," alisema, "alianza na haya haya."

"Ndiyo, mwaitu."

"Na tulimcheka."

Hakusema wewe. Alisema tulimcheka. Alifariki siku iliyofuata, kabla ya saa sita.

Baada ya mazishi nilirudi kile kituo. Sikwenda kugombana, nguvu hiyo sikuwa nayo. Nilikaa tu kwenye benchi la mapokezi.

Wakuu, kutoka kwenye lile benchi, mlango ni wa kioo na ngazi zote unaziona. Unaona nani anachechemea, nani anashika mgongo, nani anahema. Mzee mmoja alipanda akiwa ameinama. Yule msichana akamkimbilia na maji. "Pole, guka. Ni mgongo? Umeanza lini? Na presha je?" Mzee akamweleza yote, kwa sababu ni nani asiyependa kupewa pole? Msichana akaandika kwenye kikaratasi, akakipeleka ndani kabla mzee hajaitwa.

Nami nikakumbuka mwaitu na glasi yake ya maji, akimsimulia yule msichana habari za sindano, na jinsi nyayo zinavyowaka. Kumbe alikuwa amefungua mdomo. Aliufungua mapokezi, kwa mtu aliyempa pole.

Nilimwambia yule mzee asiache dawa zake za hospitali. Akasema asante kijana, akaingia ndani. Malalamiko nimeyapeleka kwenye ofisi inayohusika na bado nangoja.

Mwisho nilikwenda Kajiado. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka mtu anigombeze.

Yeyo alinitambua kabla sijasalimia. Akaangalia nyuma yangu, kwenye gari, kama kuna mtu anashuka. Kisha akainuka, akanyoosha mkono juu kwenye mti wa paa la kibanda, akatoa fungu dogo la gome lililofungwa kwa kitambaa cha buluu.

"Hii ni ya mama yako," alisema. "Kitabu mmeleta?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote, hata kile kicheko cha Isinya. Alisikiliza bila kunikatiza. Hakunigombeza. Aliniuliza jina la mwaitu, maana siku ile hatukuwa tumemwambia, na nilipolitaja akalirudia taratibu mara mbili.

"Nilimngoja," akasema.

Lile fungu hakunipa. Alilifungua, akarudisha magome kwenye rundo na mengine, akakunja kitambaa. Mimi nikakaa kwenye kile kiti pekee, kiti alichokalia mwaitu, nikalia mpaka wauza nyanya wa pembeni wakapunguza sauti.

Sasa, wakuu, somo langu si refu.

Kama unamtafutia mzazi mtu wa tiba asilia, mtafute, wapo wazuri. Lakini usimpime kwa anachokijua kabla hujasema. Mpime kwa anachotaka kukijua. Anayefanya kazi kwa haki atakuuliza mpaka uchoke. Atataka kitabu cha kliniki. Atakuambia, hiki nakiweza, hiki sikiwezi. Hataona wivu na daktari wako. Akikuambia uache dawa ya hospitali, simama hapo hapo, mpigie aliyekuandikia dawa hiyo, umsikie yeye kwanza. Insulini hasa, msiiache.

Na mzazi mwenye sukari, mwangalieni miguu. Mvue soksi mwenyewe, hata akikasirika. Utakuwa umemheshimu.

Wengine mtasema niliua mama yangu. Nimeshajiambia hilo mara nyingi, hamtanishtua. Lakini kama uko pale nilipokuwa, na kuna chupa umezificha nyuma kabisa ndani ya friji, bado una muda. Inuka sasa uzirudishe mlangoni. Sitakucheka, na hakuna hapa atakayekucheka.

Wenye mtaalamu mnayemwamini, upande wa Kitengela, Rongai, Kajiado hata Loitokitok, sihitaji jina wala namba yake. Niandikieni hapa chini jambo moja tu: siku ya kwanza alikuuliza nini?