Abiti Jawadu na Mazishi ya Malukula

Swadiki aliporudi kutoka masomoni Khartoum, aliyepika ubwabwa wa kumpokea alikuwa mama yake mkubwa, Abiti Jawadu. Ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Alichinja kuku, akaita wanawake wenzake wa sikiri, wakapanga duara uani na kuanza kumtaja Mungu kwa pumzi za kifuani, wakiyumba mbele na nyuma kama mpunga shambani. Swadiki alisimama mlangoni na kanzu yake nyeupe, hakuingia.

"Mama mkubwa," alisema walipotulia, "nisamehe. Haya mnayofanya ni uzushi. Mtume hakuyafanya."

Wanawake wakatazamana. Abiti Jawadu akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Uzushi? Wewe ulipewa jina kwa sikiri. Ukatolewa jandoni kwa sikiri. Kama unarudisha, baba, rudisha vyote, na kile walichokukata kakitafute."

Uani kicheko kililipuka. Swadiki naye akacheka kidogo, kisha akajizuia. Lakini yale maneno hakuyafuta, na haukupita muda kijiji chetu chote cha Malukula kilikuwa kimegawanyika. Vijana wengi walimfuata. Walijenga msikiti wao wa bati ng'ambo ya barabara, wakachimba kisima cha pampu, wakaanzisha madrasa ambamo wasichana walijifunza kusoma na kuandika, si kukariri tu. Hayo mazuri yao tusiyafiche. Tuliwaita sukuti, watu wa kimya, kwa sababu walizika bila kuimba. Wao walituita watu wa ngoma.

Mgawanyiko uliingia hadi makaburini. Siku ya kumzika mzee Mdoka, upande mmoja ulikuja na bendera na sikiri, upande mwingine ukataka kimya, na watu wazima wakapigana kwa mipini ya majembe huku maiti ikisubiri juani. Tangu siku hiyo kila upande ukawa unazika wa kwake.

Hilo lilimuumiza Abiti Jawadu kuliko sote. Mumewe alikwenda migodini Joni, Afrika Kusini, zamani na hakurudi. Alilima mpunga peke yake na kumsomesha mtoto wa mdogo wake, lakini kazi iliyompa heshima ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Aliirithi kwa bibi yake. Alikuwa na mikono mizito shambani na myepesi kwa marehemu, na alipoosha alizungumza nao: "Geuka kidogo, dada, nimalize upande huu." Sasa sukuti wakawa wanaleta muoshaji kutoka mjini. Wanawake aliocheza nao ngoma ya nsondo, wakatoka unyagoni siku moja, walifariki ng'ambo ya barabara, naye akawasikia tu.

Kisha ukaja mwaka wa mafuriko. Maji yaliingia vyooni, yakaingia visimani, na kipindupindu kikapanda kutoka ufukweni mwa ziwa mpaka kwetu. Zahanati ilijaa, wakapiga mahema nje. Waliofariki walitiwa kwenye mifuko ya plastiki na kuzikwa hivyo hivyo, bila kuoshwa wala kuvikwa sanda. Watu waliogopa mfuko ule kuliko ugonjwa. Wakaanza kuwaficha wagonjwa majumbani, na nyumba moja ikawa inaambukiza ya pili.

Abiti Jawadu akaenda zahanati. Muuguzi mkuu alikuwa Sista Tiyamike, mama wa Kikristo kutoka kusini, aliyekuwa amechoka mpaka macho yamemwingia ndani.

"Mwanangu, mbona mnatuzikia watu wetu kama taka?"

"Mama, maji ya maiti ndiyo yanayoua walio hai. Nimeona. Aliyemwosha mwenzake juzi leo yuko hema la pili."

"Basi nifundishe kumwosha nisife."

"Una miaka mingapi, mama?"

"Nimeshasahau kuhesabu. Nifundishe, kabla sijasahau na kuosha."

Alifundishwa. Alivaa mabuti ya mpira yaliyompwaya, glavu mbili mbili, kanga puani. Alijifunza kuchanganya dawa na maji, na kuchimba shimo la kumwagia. Mwanzoni alikosea. Sista alimkaripia mbele ya watu kwa kujishika uso na glavu, naye akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," akaanza upya. Alimwomba Sista jambo moja tu: maiti ya mwanamke isiguswe na mwanaume. Sista akakubali. Wanaume nao wakatafuta wao wa kufundishwa.

Habari ikaenea kwamba zahanati sasa watu wanaoshwa na kuvikwa sanda. Wagonjwa wakaanza kutolewa mafichoni, wengi wao mapema, wakiwa bado na nguvu ya kunywa maji ya chumvi na sukari. Wengi walipona.

Emani hakupona. Alikuwa mke wa Swadiki, mwanamke mpole aliyefundisha watoto wadogo madrasani. Aliugua asubuhi, wakamfikisha alasiri, na kesho yake kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha. Muoshaji wa mjini aliitwa, akasema daraja limekatika. Hata daraja lilipotengenezwa baadaye, hakurudi tena kwetu.

Swadiki alikuwa amekaa chini nje ya hema, kanzu imeloa tope. Watu wake walisimama mbali. Abiti Jawadu akaja na mabuti yake miguuni, ndoo mkononi.

"Mbona hukuniita?"

"Nilikosa uso wa kukuita, mama mkubwa."

"Uso nimekuja nao mimi. Niambie, nyinyi mnaosha vipi? Nisije nikamfanyia asilolitaka."

"Ni vile vile," alisema Swadiki. "Unavyoosha wewe. Ila tusingependa... pale njiani..."

"Makelele."

"Ndiyo."

"Sawa. Yeye ndiye mwenye safari."

Akaingia. Tuliokuwa nje tulimsikia akizungumza ndani, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto: "Emani, mwanangu, inua mkono. Ehee." Swadiki akafunika uso na kulia kwa sauti, yeye aliyetukataza kulia hivyo.

Barabarani wanawake wa sikiri walikuwa wameshakusanyika. Abiti Ngaiyaye, rafiki wa Abiti Jawadu wa miaka yote, ndiye aliyemkabili.

"Tunasindikiza kwa kimya? Wao watasema tumeshindwa!"

"Nyamaza kama mtu aliyefiwa, Ngaiyaye. Hukufiwa wewe? Si alimfundisha mjukuu wako?"

Abiti Ngaiyaye akasogea kando ya njia. Jeneza likapita. Wanawake wetu, ambao hawajawahi kumsindikiza mtu bila kumwimbia, walitembea nyuma yake mpaka mahali wanawake wanapoishia, na hakuna aliyetoa hata mguno. Wanaume wa misikiti yote miwili walishuka kaburini pamoja.

Mambo hayakunyooka mara moja. Sheikh Kalanje wa msikiti wetu wa zamani alikasirika, akasema Abiti Jawadu ameuza sikiri kwa sukuti, akamtoa kwenye uongozi wa wanawake. Yeye hakubishana. Alikuja maulidini akakaa nyuma, karibu na masufuria. Lakini alipotafutwa wa kushika nafasi yake, kila mwanamke aliyetajwa alisema ana kikohozi. Sheikh alielewa, akatuma mtu amlete mbele. Upande wa pili, Swadiki alisema hotubani kwamba sikiri bado anaiona ni uzushi, ila anayekataa kumzika jirani yake asijiite mwanafunzi wake. Mpaka leo misikiti ni miwili, na wanabishana kila Ramadhani juu ya mwezi.

Makaburini, hata hivyo, hapajapigwa mtu tena. Na Swadiki mwenyewe aliwaleta wasichana wakubwa wa madrasa yake kwa Abiti Jawadu wajifunze kuosha. Wanakaa barazani kwake na wajukuu wa sikiri, weusi wa hijabu na rangi za vitenge, wanafanya mazoezi kwa mto wa pamba, naye anafoka: "Huyo si gunia la dagaa wa usipa! Taratibu!"

Mwaka huu mama yake Abiti Ngaiyaye alifariki kwa uzee. Abiti Jawadu magoti yalikuwa yamemkamata, hakuweza kuinama. Aliyeingia kuosha ni Rahima, msichana wa madrasa ya Swadiki, kwa mara ya kwanza peke yake. Nje wanawake walianza sikiri, nzito, ya kumwaga machozi, wakaiendeleza mpaka mlango ulipofunguliwa.

Rahima alitoka akiwa na jasho, akapiga magoti mbele ya mwalimu wake.

"Nimemaliza, bibi."

"Umekausha vizuri? Katikati ya vidole?"

"Ndiyo."

"Na hizi kelele zetu, zimekukera?"

Msichana alitazama chini. "Niliogopa mwanzoni, kuwa peke yangu naye. Nilipowasikia nikaacha kuogopa."

Abiti Jawadu alicheka mpaka akashika ubavu. Akamvuta karibu.

"Usimwambie Swadiki," alimnong'oneza. "Nenda kanawe, ule."