Msumari na Ukuta wa Nyuma

Onesphore, fundi mwashi wa Songo, alikuwa na mdomo uliojenga kuliko mikono. Mtaani hapakuwa na mtu asiyejua kwamba hajawahi kubomoa ukuta alioujenga mwenyewe. Mchanga wa mto aliuchekecha, akauchanganya na simenti chini kwa koleo, na kipimo chake kilikuwa jicho. Tena alikuwa na desturi yake: kabla ya paa kupanda, mwenye nyumba hupewa msumari akune kiungo chochote anachotaka, ule mshono wa simenti kati ya tofali na tofali. Kisipotoa unga, kazi imekubalika.

Safari hii mwenye nyumba alikuwa mdogo wake wa kike, Déborah. Ziwa lilipopanda hadi mtaa wa Kilibula na kuingia nyumbani kwake, alihamia sebuleni kwa Onesphore na mafurushi yake, akawa anakunja mkeka kila asubuhi kabla wageni hawajabisha hodi. Alitaka awe kwake kabla ya mvua. Hilo tu.

Naomie, binti wa Déborah aliyeolewa Bujumbura, akamtumia mama yake mifuko ya mota ya kiwandani, mchanga na simenti vimeshachanganywa. Mfuko uliandikwa wazi: ongeza maji tu.

"Maji tu?" Onesphore alicheka hadi akakohoa. "Minye siwezi kujenga na uji ya mugonjwa."

"Yaya," Déborah akamwambia kaka yake, "Naomie alisema mchanga iko ndani."

"Weye iko mwashi?"

Akatia mchanga wake juu ya ule uliokuwamo, koleo baada ya koleo, mpaka jicho likaridhika. Ukuta wa nyuma, ule unaotazama milima na kupigwa na mvua, ukasimama umenyooka, majirani wakausifu.

Ilipofika siku ya msumari, Déborah alikuna kiungo kimoja taratibu. Unga ukamwagika. Akakuna kingine, ukamwagikia viatu vyake. Akatazama mawingu yaliyoanza kujikusanya milimani, kisha akakaa juu ya tofali, akalia.

Aibu ilimchoma Onesphore. Angeweza kuupiga ukuta plasta, na nani angejua? Lakini mdogo wake ndiye angelala nyuma ya ukuta huo. Akachukua nyundo, akaanza kuubomoa mchana kweupe, na wale aliowatambia wote wakitazama.

"Yaya, mvua iko karibu."

"Acha ikuje. Itanikuta hapa."

Msidhani alikuwa amekuwa mtu mwingine. Mifuko bado hakuiamini, ila sasa hata jicho lake hakuliamini. Basi nusu ya ukuta aliijenga kwa mchanganyiko wake wa zamani, nusu kwa mfuko na maji tu. Ule wake ulikaa vizuri kwenye mwiko, lakini kuchekecha na kugeuza koleo kulimla mgongo. Ule wa mfuko ulikuwa laini kupita alivyozoea, akaulaani, lakini tofali zilipanda haraka. Manyunyu ya kwanza yalimkuta kweli, akafunika ukuta kwa turubai na kuendelea. Mafundi wenzake walimcheka. Hakushuka kwenye jukwaa la ujenzi.

Viungo vilipokauka, akampa Déborah msumari tena. Déborah akakuna upande wa zamani, akakuna na wa mfuko. Hakuna kilichodondoka.

"Haya, sema," Onesphore alimhimiza. "Upande gani umeshinda?"

 Déborah aliomba nyundo, akaupigilia msumari palepale ukutani, akatundika kitenge chake. Tangu ziwa limtoe kwake, hakuwa amepata mahali pa kukitundika.