Paipu ya Nakhumicha na Mafuta ya Taimu

Sisi watu wa Kaloleni, Nairobi, tuna ulimi, hilo sikatai. Ukihamia asubuhi na godoro lako, kufikia saa kumi jioni tumeshajua ulikotoka na kilichokufukuza huko. Kwa hiyo Nakhumicha alipookoka, mwaka wa tisini na mbili, mtaa mzima ulicheka. Nakhumicha yupi? Yule yule aliyepika chang'aa, ile pombe kali ya magendo, miaka kumi na mitatu upande wa reli? Yule ambaye vibarua wa viwandani walipita kwake kwanza ndipo wakumbuke kwamba wana wake nyumbani? Ndiye. "La kuvunda halina ubani," watu walisema, na waliosema kwa sauti kubwa zaidi ni wale waliokuwa hawatoki kwake mpaka wabebwe.

Nakhumicha aliendelea kwenda kanisani. Alikuwa mwanamke mpana, mweusi tititi, mwenye mikono iliyozoea moto, na alikuwa na jambo moja tu moyoni. Alitaka kitambaa. Kanisani kwao akina mama wa chama hufunga kitambaa cheupe kichwani chenye ukingo wa buluu, na mama akifungwa kile mbele ya watu, basi ni mama kamili. Anazika na wenzake, anaombea wagonjwa, na akifa anaimbiwa. Nakhumicha alikuwa amezika mume bila mtu wa kumwimbia. Alikitaka kitambaa kile kuliko alivyowahi kutaka chochote.

Mwenyekiti wa chama, Millicent Nabiswa, hakuwa mtu wa mchezo. Alimpa mwaka mmoja wa kutazamwa, na sharti moja: vyombo vyote vya kupikia vitoke nyumbani. Mapipa Nakhumicha aliyagawa kwa majirani wawekee maji. Sufuria kubwa alizitoa kanisani, zikawa za kupikia chai ya mazishi. Na ile paipu ya shaba ya kupozea mvuke wa pombe? Millicent aliuliza mwenyewe. Nakhumicha akasema ameitupa mtoni.

Hakuitupa. Na ningekuwa mimi nisingeitupa pia, jamani! Paipu ile ilikunjwa na fundi mmoja wa Shauri Moyo ambaye sasa ni marehemu, mizunguko saba, na hakuna mwingine aliyeweza kukunja shaba vile bila kuipasua. Aliifunga kwa gunia, akaisukuma chini ya kitanda, kisha akalala juu ya uongo wake mwaka mzima.

Akatafuta kazi. Alipata ya kufagia na kupanga rafu katika duka la dawa la Qali, mama wa Kisomali kule Eastleigh, mwanamke mpole mwenye miwani, aliyependa kueleza mambo. Siku moja Nakhumicha alikuwa anapangusa vumbi akafungua kichupa kidogo kuliko kidole gumba, akanusa. Harufu ilimpanda mpaka kwenye macho. Ilikuwa kali, ya joto, ya majani. Akauliza ni nini. Qali akamwambia ni mafuta ya thaim, yanatoka ng'ambo, na Waarabu jani lake huliita zaatari, hulila na mkate. Akaendelea, maana Qali akianza haachi: kwamba Wamisri wa kale walilitumia kuhifadhi maiti, na kwamba zamani, kabla ya dawa za leo, madaktari walichovya bandeji ndani ya maji yenye mafuta hayo ili vidonda visioze. Hata dawa nyingine za kusukutua mdomo, alisema, zina kitu kilichotolewa humo. Nakhumicha aliuliza swali moja tu. Yanatolewaje majanini? Qali akasema kwa mvuke. Unachemsha maji, mvuke unapita kwenye majani, unapoa ndani ya paipu, unadondoka.

Nakhumicha akarudia ufagio wake. Kitu hicho alikuwa anakijua kuliko alivyojua kusoma.

Sasa, jirani yake alikuwa Kiilu, Mkamba mmoja mrefu, dereva wa lori katika shamba moja huko nyuma ya Athi River, shamba la majani ya kuungia chakula yanayopelekwa Ulaya kwa ndege. Wiki ile ile Kiilu alileta gunia la majani hayo nyumbani, mkewe aone kama yanafaa kutiwa kwenye supu. Nakhumicha alikuwa anaanika nguo. Upepo ukamletea harufu ile, akaangusha shuka chini. Akaenda, akachukua tawi moja, akalisugua kiganjani. Ndilo! Kiilu akamweleza kwamba haya ni yale yaliyotoa maua. Wazungu hawayataki yakishachanua, hutupiwa ng'ombe. Baadaye Qali alimwambia kwamba jani lililochanua ndilo lenye mafuta mengi zaidi. Kumbe ng'ombe wa Athi River walikuwa wanakula utajiri, na hawana hata kikohozi.

Usidhani alifaulu mara ya kwanza. Alitoa paipu chini ya kitanda, akaazima pipa dogo, akatumbukiza majani ndani ya maji kama alivyokuwa akipika kangara, ile pombe iliyochachuka inayotoa chang'aa. Majani yakaungua, nyumba ikanuka moshi, akapata maji machafu. Mara ya pili aliweka wavu wa chuma juu ya maji, majani juu ya wavu, akaziba kila mwanya kwa unga uliokandwa, paipu ikapita ndani ya beseni la maji baridi. Akakaa kwenye kigoda, moto mdogo, asiuchochee. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, subira, na subira alikuwa nayo. Maji yakaanza kudondoka ndani ya chupa, tone, tone. Na juu ya maji yale kukatanda utando mwembamba, mwekundu kidogo, unaong'aa. Gunia zima lilitoa mafuta ya kujaza kichupa kimoja tu, kama kile cha dawa ya macho. Nakhumicha alipiga kigelegele peke yake jikoni.

Kosa lake la pili lilimpata Kiilu. Kiilu alikuwa na fangasi za miguu, zile za kushinda ndani ya gambuti za mpira, na Nakhumicha kwa furaha yake akampaka mafuta yale vile vile yalivyotoka. Masikini! Kiilu aliruka mguu mmoja mpaka kwenye bomba la maji la uani. Qali alimkaripia Nakhumicha vizuri sana. Matone mawili au matatu, alisema, ndani ya kijiko kizima cha mafuta ya nazi. Asinywe mtu, asipakwe mtoto mchanga, na mama mjamzito akae mbali nayo. Nakhumicha akayashika yote. Baada ya wiki tatu vidole vya Kiilu vilikuwa vimekauka, naye akawa anavua viatu mbele ya wageni bila kuombwa.

Habari ikaenea. Sisi jina lenyewe tulilitamka taimu, kama taimu ya saa, basi vijana wakawa wanamtania: "Niaje, Mathe, una taimu?" Naye anawajibu kwamba anayo, wao ndio hawana. Vibarua walikuja kwa ajili ya miguu. Wenye kifua kizito walidondosha tone moja ndani ya beseni la maji moto, wakajifunika taulo wakavuta mvuke, na wakasema kifua kinafunguka. Na nyumba zetu za kanjo, yaani za baraza la jiji, mnazijua, mvua ikinyesha ukuta unaota ukungu mweusi. Akina mama walipangusa kwa maji yenye taimu na ukungu ukakaa miezi bila kurudi. Mlango ule ule ulijaa watu tena, ila sasa walitoka wakitembea wima.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Ilikuwa imebaki siku moja afungwe kitambaa. Mwaka ulikuwa umeisha, Millicent alikuwa ameshatangaza, leso ya kuvaa ilikuwa imepigwa pasi. Saa nne asubuhi Nakhumicha alikuwa na pipa motoni, na moshi uliotoka jikoni mwake ulimfikia askari wa chifu aliyeitwa Wekulo. Wekulo alisukuma mlango, akaona pipa, akaona unga ulioziba mianya, akaona paipu ya shaba yenye mizunguko saba. Aliitambua, na alikuwa na sababu zake za kuitambua. Akachukua chupa, na kabla Nakhumicha hajasema neno, akapiga funda.

Ebo! Macho yalimtoka, akatema, akashika koo, akainama juu ya beseni akanywa maji ya kupozea paipu. Alipopata sauti akasema hajawahi kuonja kali namna hiyo tangu azaliwe. Kwake huo ulikuwa ushahidi tosha. Pipa lilipopoa alimbebesha Nakhumicha, yeye akabeba paipu na chupa, wakaandamana mpaka ofisi ya chifu, na Kaloleni yote nyuma yao.

Njiani Nakhumicha hakuogopa jela. Aliogopa kukikosa kitambaa. Na alipoingia ua wa ofisi akamwona Millicent Nabiswa na akina mama watatu wa chama, waliokuja kuulizia kibali cha mkutano, alilitua pipa chini. Millicent hakumtazama usoni. Aliitazama paipu.

Chifu alinusa chupa, akakunja pua, akasema kwamba yeye hajui dawa, anajua sheria. Pipa, moto na paipu ni chang'aa. Nakhumicha anaweza kuthibitisha si hivyo?

Angeweza kusema hajui. Angeweza kulia, watu wanahurumia kilio. Lakini jibu lilikuwa kichwani mwake, na alilipata kwa njia moja tu, na kulitoa kulikuwa kumvua nguo Nakhumicha wa zamani mbele ya wale akina mama wanne. Akavuta pumzi.

"Mzee Chifu," akasema, "mimi nimepika chang'aa miaka kumi na mitatu. Hapa hakuna anayeijua kunishinda. Chang'aa ukiitia maji, inaingia ndani ya maji, huwezi tena kuvitenganisha. Naomba glasi ya maji."

Glasi ikaletwa. Nakhumicha akachukua chupa kwa mkono wake mwenyewe, akamimina kidogo. Mafuta yakashuka, yakarudi juu, yakakaa pale juu ya maji, mekundu, duara. Chifu akatikisa glasi. Yakavunjika vipande, yakakutana tena juu. Akatikisa tena kwa nguvu, akaiweka mezani, akangoja. Yakapanda tena. Kiilu aliyekuwa nyuma hakuweza kuvumilia, akavua kiatu.

Chifu alicheka mpaka akashika meza. Akamwuliza Wekulo kama koo limepoa, akamwamuru arudishe kila kitu alikokitoa, na kwa mkono wake. Ndivyo Kaloleni ilivyomwona askari mchana kweupe akibeba paipu ya Nakhumicha begani, akiirudisha nyumbani, huku watoto wakimwimbia. Furaha kama ile hatukuwa tumeipata tangu timu yetu ya mpira iwafunge watu wa Makongeni.

Nakhumicha peke yake hakucheka. Jumapili aliitwa mbele. Kabla Millicent hajakunjua kitambaa, aliomba kusema.

"Niliwaambia paipu nimeitupa mtoni. Nilidanganya. Niliipenda, nikaificha. Paipu haikutenda dhambi, ni mimi niliyetenda, na jana mmeona inaweza kufanya kazi nyingine. Kama hiyo inaninyima kitambaa, nitaelewa. Lakini sitaitupa."

Millicent alisimama na kitambaa mkononi, akakikunjua polepole. Kisha akamwambia ainame. Akamfunga, akakaza fundo mara mbili, akina mama wakapiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia, na Nakhumicha akaanza kulia kwa sauti, hajali nani anamwona.

Millicent alikuwa bado ameshika ncha za kitambaa. Akamsogelea sikioni.

"Dada," akanong'ona, "kesho nikija, utanifundisha kupika kwa ile paipu?"

Na Nakhumicha, mama kamili wa kanisa, machozi yakiwa bado mashavuni, akaangua kicheko pale pale mbele ya madhabahu.