Kipande cha Kanga Kwenye Injini

Leo fundi wa Masasi alitaka kushusha pampu ya dizeli ya pikapu yangu. Nimekataa.

Kila nikipanda mlima wa Newala inatoa moshi mweusi, masizi hadi kwenye kibao cha namba.

Nikamwambia, "Anza na filta ya hewa."

Akacheka. "Mama Zuhura, hii siyo sufuria."

Basi nikafungua mwenyewe.

Filta imezungushiwa kipande cha kanga, kimeganda vumbi jekundu. Injini itapumuaje?

Fundi akapaza sauti gereji nzima isikie. "Nani kafunga hiki?"

Jamani. Mimi. Msimu wa korosho, kuzuia vumbi.

Nikakitoa, nikawasha, nikapiga resi. Moshi mweusi hakuna.

Haya, chekeni. Nimeziba mimi, nimezibua mimi. Pampu haishuki.